UZI: Namba za signali kwenye RTOS, kwa nini tumezing'oa kwenye konfigi na kuziandika moja kwa moja kwenye heda

Fundi_Biti

Wakuu habari zenu, hii kitu nimekaa nayo muda mrefu na leo nimeamua niiandike yote, maana kila nikifungua kodi ya mtu anayefanya kazi na RTOS (mfumo endeshi wa wakati halisi wa vifaa vidogo) yenye sura ya POSIX nakuta shimo lile lile ambalo sisi tulitumbukia.

Tuanzie mbali kidogo kwa ajili ya wageni. Signali ni taarifa fupi yenye namba ambayo kerneli au programu inaipigia programu au taski nyingine. POSIX, yaani kiwango cha pamoja cha mifumo ya ukoo wa Unix, inataka kwenye heda ya `signal.h` kuwe na majina kama SIGINT, SIGCHLD, SIGUSR1, kila jina liwe makro yenye namba chanya na isigongane na namba ya jina jingine. Basi. Haijasema SIGUSR1 iwe ngapi. Sasa waliotengeneza mifumo midogo walisoma hapo wakaona kama namba haijapangwa basi mwenye bodi ajichagulie, na kwa kuwa wengi tunatumia Kconfig (menyu ya kuchagua mipangilio kabla ya kukompaili), ile ile iliyotoka kwenye kerneli ya Linux, kuongeza kipengele kwenye menyu ni dakika mbili tu. Matokeo yake kila signali ikawa na mstari wake kwenye menyu, na kwenye heda ikawa hivi:

```
#ifndef CONFIG_SIG_SIGCHLD
#  define SIGCHLD  4
#else
#  define SIGCHLD  CONFIG_SIG_SIGCHLD
#endif
```

Mistari mitano kwa signali moja. Zidisha kwa signali ishirini ni mistari 100 ya heda ambayo haifanyi kazi yoyote zaidi ya kukupa nafasi ya kukosea, na bado hujahesabu upande wa menyu wenyewe.

Sasa kilichotukuta. Mfumo siutaji, ni tawi la ndani ambalo timu niliyokuwa nayo ililirithi. Kifaa kilikuwa kinakusanya vipimo, kinaviandika kwenye faili, faili likifika ukubwa fulani linabanwa halafu linatumwa kwa modemu. Kazi za nyuma zote zinafanywa na taski moja ya foleni, yaani ukiweka kazi kwenye foleni unaipigia ile taski signali ya ndani inaitwa SIGWORK, inaamka, inachukua kazi ya kwanza, inaifanya. SIGWORK kwenye difolti ilikuwa 17.

Kuna mwenzetu akaleta programu kutoka Linux, na mle ndani kulikuwa na sehemu imeandika 17 kavu kavu ikimaanisha SIGCHLD kwa sababu kwenye Linux ndiyo namba yake. Akafanya kitu ambacho mtu yeyote mwenye akili angefanya, akaingia kwenye menyu akabadilisha SIGCHLD kutoka 4 kuwa 17, akakompaili, hakuna eraa, hakuna onyo, programu ikafanya kazi, akaenda zake. Simlaumu hata kidogo, menyu ilimwambia ana ruhusa.

Miezi inapita, vifaa vinaanza kukata modemu katikati ya kutuma. Si vyote na si kila siku. Tukasema ni umeme, tukabadilisha kapasita. Tukasema ni modemu, tukabadilisha modemu. Wiki tatu watu wazima tunashika oskiloskopu tunaangalia laini ya voltiji iliyonyooka kabisa. Kilichokuja kutufungua macho ni kuona kwamba inatokea siku ambazo faili limefika ukubwa wa kubanwa tu. Nikaweka mstari mmoja pale taski ya foleni inapoamka, uchapishe `si_code` ya siginfo, ile inayosema signali imetokana na nini. Nilitegemea kuona SI_USER kila mara, maana SIGWORK inapigwa na kodi yetu wenyewe. Saa nane za usiku ikatoka CLD_EXITED.

Nikakaa nikaiangalia ile logi muda mrefu. CLD_EXITED maana yake mtoto amekufa. Taski ya foleni ilikuwa inaanzisha taski ya kubana faili, kwa hiyo mzazi ni yenyewe, mtoto akimaliza kerneli inampigia mzazi SIGCHLD, ambayo sasa ni 17, ambayo ndiyo SIGWORK. Mzazi anaamka anadhani kuna kazi imeiva, anachukua ya kwanza kwenye foleni bila kuangalia muda wake kwa sababu anayempigia ndiye anayetakiwa kuwa ameshaangalia. Na ya kwanza kwenye foleni ilikuwa kazi ya kuzima modemu baada ya sekunde 30. Inaizima papo hapo.

Namba mbili kufanana, hilo tu.

Baada ya hapo tulitoa menyu yote. Heda sasa ina mstari mmoja kwa signali, namba ni zile za Linux za kwenye ARM na x86, na signali ya ndani ya kerneli imeondolewa kabisa, taski ya foleni inaamshwa na semafo. Msimamo wangu ni huu: namba ya signali ni makubaliano kati ya vitu vilivyokompailiwa mbali mbali, na makubaliano hayakai kwenye menyu ya mtu mmoja. Nakaribisha mawazo, na wanaopinga wapinge kwa hoja.

Mchoma_Waya

Pole mkuu, hiyo ya modemu inauma. Ila mimi napinga kidogo. Mifumo midogo inaishi kwa konfigi, mimi nina bodi ya RAM ya KB 32 na kila baiti naihesabu. Nikiwa na signali tano tu naziweka 1 hadi 5, seti ya signali (biti moja kwa kila signali) inatosha kwenye neno moja la biti 32 na nafasi inabaki. Ukinilazimisha namba za Linux SIGSYS inafika 31, ukiongeza signali za wakati halisi tayari nimevuka 32, lazima seti iwe biti 64. Hapo umeninyang'anya RAM kwa ajili ya tatizo ambalo dawa yake ni kukagua namba zisigongane tu.

Fundi_Biti

Mkuu hoja yako nzito na ndiyo iliyotuchelewesha sisi wenyewe, tupige hesabu. POSIX inataka signali za wakati halisi zisipungue 8. Signali 31 za kawaida ukiongeza 8 ni 39, kwa hiyo kweli biti 32 hazitoshi. Sasa kila taski kwenye mfumo wetu inabeba seti tatu, zilizozuiwa, zinazosubiriwa, na zilizofika zikangoja. Kutoka baiti 4 kwenda 8 ni nyongeza ya baiti 12 kwa taski. Ukiwa na taski 20 ni baiti 240. Kwenye KB 32 hiyo ni chini ya asilimia moja, na nina uhakika ukipunguza staki ya taski moja tu iliyopewa nafasi kubwa kuliko inavyotumia utazirudisha zote na chenji.

Na kama kweli huwezi kutoa hizo baiti, kitu cha kuweka kwenye konfigi ni ukubwa wa seti, yaani useme mfumo huu hauna signali za wakati halisi, basi. Jina lipo au halipo. Lakini likiwepo namba yake ni ile ile kila mahali. Kuondoa signali usiyoitumia kunakupa eraa ya kukompaili, unaiona mchana kweupe. Kubadilisha namba hakukupi kitu, kunakaa kimya mpaka kifaa kiko juu ya mnara.

Kuhusu kukagua zisigongane nakubali ni lazima, hata ukiwa na namba za kudumu, maana binadamu ataongeza mstari siku moja. Njia tuliyoitumia sisi ni rahisi mno, faili moja la C lenye fankisheni yenye `switch` na kila signali ni `case` yake:

```
switch (n)
  {
    case SIGHUP:
    case SIGINT:
    case SIGCHLD:
    case SIGUSR1:
    /* ... zote ... */
      return 1;
  }
```

C hairuhusu `case` mbili zenye thamani moja, kompaila inagoma hapo hapo. Haina gharama yoyote kwenye kifaa, faili linakompailiwa tu halafu halilinkiwi. Ingekuwepo siku ile, mwenzetu angeona eraa ndani ya sekunde mbili baada ya kubadilisha menyu. Ila ukaguzi huu hauoni tatizo la pili ambalo ndilo baya zaidi, laibrari iliyokuja imeshakompailiwa. Mtu anakupa faili la `.a`, ndani yake SIGUSR1 imeshageuka kuwa 1, wewe konfigi yako inasema 10, hakuna kompaila duniani itakayokuambia maana jina lilishapotea, imebaki namba.

kijana_wa_soketi

Samahanini wakubwa, mimi bado mgeni huku, nina maswali mawili kama hamtojali. La kwanza kwa nini hizi namba zisiwe `enum` tu, si kompaila ingezipanga yenyewe zisigongane. La pili nilianza na CMSIS-RTOS (API ya RTOS ya chipu za ARM) na kule kulikuwa na `osSignalSet`, je ndizo signali hizi hizi mnazozungumzia au ni kitu kingine, maana naona hapa mna namba na kule nilikuwa nawasha biti tu.

Dada_Kerneli

Karibu mdogo wangu, maswali mazuri na usiombe samahani.

Nianze na la pili. Hapana, si kitu kimoja. Zile za CMSIS toleo la 1 zilikuwa bendera tu za taski, unawasha biti na mwenzako anasubiri biti, na toleo la 2 wakazibadilisha jina zikawa `osThreadFlagsSet` ili liendane na kazi yake. FreeRTOS nayo kiini chake hakina signali za POSIX, kina notifikesheni za taski. Signali ya POSIX ina handla inayoweza kukukatisha katikati ya kazi, ina tabia ya difolti kama kuua taski, inaweza kubeba thamani, inaweza kuzuiwa kwa maski, na inaweza kuamsha mtu aliyelala kwenye `read` akarudi na EINTR, yaani eraa ya kukatishwa. Ndiyo maana ukikosea namba yake madhara yanaenda mbali, bendera ikikosewa inamgusa anayeisubiri tu.

Kuhusu `enum`. Kwanza POSIX inasema ziwe makro, na watu wanazitegemea hivyo, programu nyingi zinazohamishwa zimeandika `#ifdef SIGWINCH` kuuliza kama signali ipo. Jina la `enum` pripurosesa halilioni, kwa hiyo `#ifdef` itasema haipo wakati ipo, na sehemu nzima ya kodi itarukwa bila wewe kujua. Pili, `enum` ukiiacha ijipange yenyewe, mtu akiingiza jina moja katikati zote za chini yake zinasogea moja. Hapo umerudi kwenye tatizo lile lile la laibrari iliyokompailiwa jana. Tunataka namba isiyosogea, basi tuiandike.

Ukitaka kuona mpangilio wa Linux fungua terminali uandike `kill -l`. Usishangae kuona imeruka kutoka 31 kwenda 34, 32 na 33 zipo ila glibc, laibrari ya C ya Linux, imezichukua kwa kazi zake za ndani za tredi, ndiyo maana SIGRTMIN pale inaanza 34. Halafu kwa sababu hiyo hiyo SIGRTMIN kwenye glibc si namba ya kudumu, ni wito wa fankisheni, kwa hiyo usije ukaiweka kwenye `case`, itagoma.

Mtaa_wa_Saba

Mimi niulize kitu kimoja kinanisumbua. Mnasema "namba za Linux" kana kwamba ni moja. Natumia macOS kuendesha simyuleta ya RTOS yetu, kule SIGUSR1 ni 30, SIGUSR2 ni 31, SIGCHLD ni 20. Linux ya MIPS nayo SIGUSR1 ni 16. Sasa iliyo sahihi ni ipi, na kwa nini tumfuate huyu tusimfuate yule, maana hapo naona ni kuchagua tu.

Fundi_Biti

Ni kuchagua kweli mkuu, ila si kuchagua gizani. Kuna namba ambazo hazina ubishi, POSIX kwenye maelezo ya amri ya `kill` imezitaja kwa namba kabisa: 1 ni HUP, 2 INT, 3 QUIT, 6 ABRT, 9 KILL, 14 ALRM, 15 TERM. Hizo ni zile zile macOS na Linux, ukiandika `kill -9` sehemu yoyote watu wanakuelewa. Mfumo wa RTOS ambao SIGALRM yake ni 3 kama wetu wa zamani unamdanganya kila mtu anayekaa kwenye konsoli yake, anapiga `kill -3` akitegemea QUIT anapata alamu.

Zilizobaki ndiyo kila ukoo una zake, BSD njia yao, Linux njia yao. Tulichagua Linux ya ARM na x86 kwa sababu moja tu, kodi tunayohamishia ndani inatoka huko karibu yote, na watu wanaosoma logi zetu wana Linux kwenye meza zao. Timu yenu nzima ingekuwa inaishi BSD ningekuambia chukua za BSD. Muhimu iwe jedwali moja lililokwisha kuwepo duniani, lisiwe la kwako peke yako.

Kwenye simyuleta hapo kuwa makini sana, kuna mpaka. Namba za RTOS zinaishi ndani ya simyuleta, namba za macOS zinaishi nje, na ukivuka mpaka unapita kwenye fankisheni ya kutafsiri. Usiinkludi `signal.h` ya mwenyeji na `signal.h` ya RTOS kwenye faili moja hata kama inakompaili, maana itakuja siku mpangilio wa inkludi unabadilika na jina moja linachukua namba ya upande mwingine.

Dada_Kerneli

Naongezea hapo kwenye mipaka, kuna mmoja watu wanausahau, ule wa debaga ya GDB. Itifaki yake ya mbali ina namba zake yenyewe za signali ambazo hazijali wewe uko mfumo gani, mle ndani SIGUSR1 ni 30 na SIGBUS ni 10, zinafanana sana na za BSD. Ukisimama kwenye brekipointi stabu (kodi ya upande wa kifaa inayoongea na GDB) inatuma `T05`, 5 ni TRAP. Nimeshaona stabu inayotuma namba ya RTOS ilivyo bila kutafsiri, mtu amepokea SIGUSR1, namba 10, debaga inamwambia umepata hitilafu ya basi. Alikesha akitafuta pointa mbovu ambayo haipo. Namba zikishakuwa za kudumu jedwali la kutafsiri unaliandika mara moja na limekwisha, ila kama zinatoka kwenye menyu utaliandika vipi.

Nguzo_ya_Tatu

Hoja zote nakubali mpaka hapa, ila hamjagusa sisi tuliokwisha sambaza. Nina vifaa huko nje vyenye femuwea ya namba za zamani, na kila taski ikifa kwa signali kifaa kinatuma ripoti kwa seva, kwenye ripoti kuna baiti moja ya namba ya signali. Seva ina jedwali lake: 4 ni mtoto amekufa, 1 ni USR1. Nikibadilisha leo, kwenye femuwea mpya 1 itakuwa HUP na 4 itakuwa ILL. Nitakuwa na vifaa viwili, baiti ile ile, maana tofauti. Siwezi kusasisha vyote usiku mmoja, vingine vinaunganishwa mara moja kwa mwezi.

Fundi_Biti

Hili ndilo swali gumu kuliko yote na nashukuru umelileta, maana kurahisisha heda ni kazi ya mchana mmoja, kuhama ndiyo kazi.

Sisi tulikuwa na kitu kama chako. Tulichofanya kwanza ni kuacha kutuma namba ghafi. Ripoti mpya ina uga mpya wenye jina la signali kwa herufi, "CHLD", "SEGV", baiti nne tano hivi, na ule uga wa zamani wa namba tuliuacha ukijazwa 0. Kwa nini 0, kwa sababu 0 si signali, `kill` yenye 0 kwenye POSIX haipigi kitu, inauliza tu kama mlengwa yupo. Seva ikiona 0 inajua ni ripoti ya aina mpya inasoma jina. Ikiona namba nyingine inajua ni femuwea ya zamani inatumia jedwali la zamani. Hakuna siku seva inabahatisha.

Cha pili, tulihakikisha kwanza kwamba mfumo wetu wa zamani haukuwa unatumia 0 kama signali halali, na kumbe ulikuwa unaitumia! Namba ya chini kabisa iliyoruhusiwa ilikuwa 0, kuna mtu aliwahi kuipa maana yake kwenye programu moja. Ikabidi turekebishe hiyo kwanza, tutoe femuwea ya katikati yenye namba za zamani lakini bila 0, ndiyo tuhamie. Kwa hiyo usirukie hatua ya mwisho, tafuta kwenye kodi yako yote mahali panapopita signali namba 0 kabla hujafanya lolote.

Cha tatu, skripti za buti. Tafuta `kill -` ikifuatiwa na tarakimu. Tulikuta sehemu kumi na moja, moja ilikuwa `kill -1` ikikusudia USR1 ili daimoni (programu inayokaa nyuma muda wote) lisome upya vipimo. Baada ya kuhama hiyo ingekuwa HUP, na lile daimoni halikuwa na handla ya HUP, lingekufa kila kifaa kinapowaka. Zote tumeziandika kwa majina.

Mchoma_Waya

Nimerudi. Nimepiga hesabu ya staki kama ulivyosema mkuu na nimekuta taski ya konsoli ina KB 4, haijawahi kuvuka KB 1.5. Kwa hiyo kwenye RAM nimekubali, nimeanza kupanua seti kuwa biti 64. Ila nimegonga mwamba, signali za 1 hadi 31 zinaenda vizuri, kuanzia 33 kwenda juu `sigaddset` inakubali lakini `sigismember` inasema haipo, na nyingine zinajitokeza zenyewe. 34 nikiiweka naambiwa SIGINT ipo. Kompaila kimya.

Dada_Kerneli

Kaka angalia shifti. Nakuhakikishia una `1 << (signo - 1)` au `1UL << (signo - 1)` sehemu fulani. Kwenye chipu ya biti 32 UL nayo ni biti 32, watu wanadhani UL inatosha kwa sababu kwenye laptopu zao ni 64. Kushifti 33 kwenye namba ya upana wa 32 kwenye C haina maana iliyoahidiwa, kompaila inaweza kukupa chochote, na wewe umepata 33 imekatwa ikawa 1, ambayo ni biti ya SIGINT. Ndiyo maana 34 inaleta 2. Inatakiwa:

```
#define SIGNO2SET(n)  ((sigset_t)1 << ((n) - 1))
```

Makro moja, sehemu moja, na kila mtu apite hapo. Na angalia pia biti ya kwanza, kama mfumo wako wa zamani ulikuwa unaanza na signali 0 basi ulikuwa unashifti `n` bila kutoa 1. Nusu ya kodi ikitoa 1 na nusu isitoe utakuwa na signali zinazopishana kwa moja na hutaamini macho yako.

Kingine, kusoma seti ya biti 64 kwenye chipu ya 32 ni kusoma maneno mawili. Kama handla ya intarapti inaandika seti hiyo hiyo inaweza kuingia katikati, ukapata nusu mpya na nusu ya zamani. Zamani neno lilikuwa moja hukuhitaji ulinzi, sasa unauhitaji. Pitia kila mahali panaposomwa seti ya zilizofika, uzime intarapti kwa hizo hatua mbili tu.

Mchoma_Waya

Ni UL kweli. Sehemu nne, na moja ilikuwa haitoi 1. Asante sana dada, nimebadilisha zote zinapita kwenye makro na testi za 1 hadi 64 zimepita. Intarapti naipitia sasa hivi, nimeshaona mahali pawili.

Mtaa_wa_Saba

Na kwa wenye sheli kwenye kifaa, faida nyingine ambayo sikuitegemea. Sheli nyingi zikiripoti taski iliyouawa na signali zinatoa 128 kujumlisha namba. Baada ya kuhamia jedwali la Linux nikaona 139 kwenye logi ya kifaa, sikufungua heda wala nini, 139 toa 128 ni 11, SEGV. Zamani ningeanza kuuliza hii bodi ilibildiwa na konfigi ya nani.

kijana_wa_soketi

Nimejaribu lile faili la `switch` kwenye mradi wangu, naurithi kutoka kwa mtu aliyeondoka. Kompaila imegoma sehemu mbili. Moja SIGPOLL na SIGIO zote 29, ya pili SIGCONT na signali ya ndani inaitwa SIGTIMEOUT zote 18. Je nibadilishe zote?

Fundi_Biti

Safi sana mdogo wangu. Hiyo ya kwanza iache, SIGPOLL na SIGIO kwenye Linux ni signali moja yenye majina mawili kwa makusudi, andika `#define SIGPOLL SIGIO` na utoe moja kwenye `switch` uweke maoni kwa nini.

Ya pili ndiyo mbaya. Usibadilishe namba kwanza. Tafuta nani anasubiri SIGTIMEOUT, halafu pale anapoamka chapisha `si_code` na namba ya taski iliyotuma, acha kifaa kiende siku nzima. Nataka kujua kama kuna mtu anampigia CONT bila kujua kabla hujaiondoa, maana kama yupo, kuna kitu kwenye mradi wako kimekuwa kikifanya kazi kwa bahati na ukiiondoa kitasimama. Leta logi hapa tuiangalie pamoja.